Nyungu, mashine au chupa ya chai: gharama ya kujifukiza Sumbawanga

Juni ikishaingia, upepo wa uwanda wa Ufipa haumwonei mtu haya. Mji wa Sumbawanga uko kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwanda wenyewe ni nyasi tupu kwa sehemu kubwa, na ukiondoa msitu wa Mbizi na mikaratusi iliyopandwa kuzunguka shule na misheni, hakuna cha kuukinga upepo huo. Kuanzia Katandala hadi Kizwite, kila nyumba ina mwenye mafua, na kila mwenye mafua ana washauri watatu. Mmoja atamwambia ajifunike blanketi juu ya nyungu. Wa pili ameona mashine ya plastiki dukani. Wa tatu, kwa kawaida kijana mwenye simu, ameona mtandaoni kifaa cha kushika mkononi kinachopasha majani makavu bila kuyachoma, naye anauliza kama hakiwezi kuwekewa mkaratusi.

Hizo ni bei tatu zilizo mbali sana, na kinachotafutwa ni kitu kimoja: joto, unyevu na harufu ya majani. Kabla ya kufungua pochi ni vizuri kujua kitu hicho kinafanya nini mwilini.

Mvuke hulegeza kamasi, pua ikafunguka kwa muda, koo likatulia, na mtu akapata usingizi. Ni nafuu ya kweli, wala simcheki anayeitafuta saa nne ya usiku huku pua zote mbili zimeziba. Lakini mvuke hauui virusi vya mafua. Cochrane, taasisi inayokusanya tafiti za tiba na kuzipima, ilipitia upya mwaka 2017 tafiti za hewa ya moto yenye unyevu kwa wagonjwa wa mafua ya kawaida, na haikuona faida ya kutegemewa. Sisi tuna kumbukumbu yetu pia. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, kujifukiza kulihimizwa kuanzia ngazi ya juu kabisa ya serikali ya Rais Magufuli, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukizia. Upepo ule umepita, ila umetuachia soko: sufuria, beseni na mashine za mvuke hadi leo huuzwa kama dawa, na muuzaji anayekuuzia dawa hupanga bei ya dawa. Wewe nunua kama mnunuzi wa nafuu ya usiku mmoja.

Tuanze na nyungu, kwa kuwa ndiyo tuliyoikuta. Chungu au sufuria kubwa, majani ya mkaratusi, mchaichai, mpera, maganda ya limao, na mwarobaini kama kuna mtu ameyaleta kutoka bondeni Rukwa, kwa maana huku juu kwenye baridi mti huo haustawi. Mgonjwa huketi kwenye kigoda, chungu katikati ya miguu, blanketi zito juu ya vyote. Gharama ya majani ni sifuri au karibu na sifuri. Gharama ya moto inategemea. Ukiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya maji hayo peke yake, umeunguza mkaa mwingi kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, maana jiko la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto pembeni na huendelea kuwaka baada ya maji kuepuliwa. Ukibandika maji mara tu baada ya kusonga ugali, makaa yale yale yanamalizia kazi na hujatoa senti ya ziada.

Hasara ya nyungu iko mahali pengine. Watu husema huku kwetu maji huchemka upesi, nao hawajakosea: kwa mwinuko huu maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100 za pwani. Mtu akasikia hivyo, akadhani yana nafuu ngozini. Hayana. Maji ya nyuzi 60 tu yanatosha kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Sasa mweke mtoto wa miaka mitano gizani, chini ya blanketi, akikohoa, na lita tano za maji ya nyuzi 94 katikati ya magoti yake. Mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliandika katika jarida la The Lancet kwamba watoto waliounguzwa na maji ya kujifukizia walikuwa wakifika kwao mara nyingi kupita walivyozoea. Hao walikuwa wakitumia mabakuli, achilia mbali chungu sakafuni. Kwa mtoto, jibu langu ni fupi: asijifukize kabisa. Mpe maji ya kunywa kwa wingi, mfute pua, na akipumua kwa kasi au mbavu zikiwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, hiyo ni dalili ya nimonia. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Kuna jingine ambalo baridi ya Ufipa hulifanya kuwa baya zaidi. Wapo wanaoacha chungu juu ya jiko lenye makaa mekundu na kujifunika navyo vyote viwili, ili mvuke usipoe. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na chini ya blanketi au ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa vitambaa, gesi hiyo humlaza mtu asiamke. Anayesikia kichwa kizito na usingizi wa ghafla hudhani dawa inafanya kazi. Jiko libaki nje. Hili halina mjadala.

Sasa mashine. Katika maduka ya vifaa vya simu na ya vipodozi mjini utakuta aina mbili, na kwa macho zinafanana: kikombe cha plastiki, kifuniko chenye mdomo wa kuweka pua na kinywa, waya na plagi. Tofauti iko chini ya kikombe, kwa hiyo omba ufunguliwe. Nilipoomba, kijana wa dukani alinifungulia kwa moyo mkunjufu.

“Shikamoo mama. Hii ni orijino, inachemka dakika mbili tu. Ukiona inachelewa, weka chumvi kidogo.”

“Marahaba mwanangu. Chumvi ya nini tena kwenye mashine?”

“Bila chumvi maji mengine hayachemki, mama. Ndivyo ilivyo.”

Hakunidanganya, na jibu lake ndilo lililoniondoa dukani. Mashine inayotaka chumvi haina koili ya kupashia. Ndani yake utaona vibati viwili vya chuma vimesimama wazi, na umeme hupita kutoka kimoja hadi kingine kwa kupitia maji yenyewe. Maji ndiyo waya. Chumvi huyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, ndiyo maana huchemka upesi. Ukichovya kidole kuangalia kama yamepata moto, au ukaongeza maji huku plagi iko ukutani, umeshika umeme. Aina hiyo ndiyo ya bei ya chini, na hata kwa bure siichukui.

Aina ya pili ina sahani ya kupashia iliyofunikwa, maji hayagusani na umeme, na mara nyingi huuzwa kama mashine ya kulainisha uso. Nyingi zimeandikwa wati 280 hivi. Angalia mambo mawili: kama inajizima maji yakiisha, na kama kifuniko kinajifunga kwa kuzungushwa au kimewekwa tu juu. Kifuniko kisichojifunga kinadondoka, na maji ya moto yanaishia mapajani. Majani usiyaweke kwenye tangi. Mafuta na vipande vyake huganda kwenye sahani, harufu ya kuungua ikaingia katika kila mvuke wa baadaye, na mashine haimalizi msimu. Kama ina kikapu kidogo mdomoni, majani yakae humo.

Umeme wake ni kitu kidogo kuliko watu wanavyohofia. Wati 280 kwa dakika 10 ni chini ya nusu ya sehemu ya kumi ya uniti. Mteja wa kawaida wa LUKU, anayepata uniti 2.8 hivi kwa shilingi 1,000, atatumia shilingi 17. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 6 tu. Kinachokula pesa ni mashine yenyewe. Tuchukulie umeinunua kwa shilingi 25,000, nyumbani kwako inatumika mara 20 kwa mwaka, nayo imedumu miaka miwili. Kila kujifukiza kumekugharimu shilingi 625 kabla ya umeme. Weka bei uliyotajiwa wewe na ufanye hesabu hiyo hiyo. Ikifa mwaka wa kwanza, na hizi hufa, umelipa 1,250 kwa kila mara moja, kwa kazi ambayo sufuria ya lita moja ingeifanya.

Lita moja yenyewe inagharimu nini? Kuipandisha kutoka ubaridi wa bomba la Sumbawanga asubuhi ya Julai hadi kutokota, jagi la umeme litakula sehemu ya kumi ya uniti: shilingi 35 hadi 40 kwa mteja wa kawaida, 12 au 13 kwa wa matumizi madogo. Kwa gesi, mtungi wa kilo 6 uliojazwa kwa shilingi 25,000, ni gramu kama 14, sawa na shilingi 60 hivi. Kwa makaa yaliyobaki jikoni baada ya chakula, hakuna kitu.

Ndiyo maana nasema mashine bora ya kubebeka ya kujifukizia tayari iko juu ya kabati la kila nyumba ya Ufipa, nayo ni chupa ya chai. Jioni, maji yakiwa yametokota, jaza chupa na uifunge. Saa nne usiku mtu akizibwa, huhitaji kuwasha jiko gizani wala kungoja umeme urudi. Maji yatakuwa bado ya moto sana lakini yamepungua makali, nayo hayajamwagika popote njiani kutoka jikoni hadi chumbani. Weka beseni dogo zito mezani, wala si kitandani, wala si mapajani. Ponda kiganja kimoja cha majani kwa mkono, yaweke ndani ya beseni, mimina maji robo tatu ya lita, kisha funika kwa sahani dakika tano. Wengi huchemsha majani jikoni nusu saa nzima, nyumba ikanukia hadi kwa jirani, na kilichobaki kwenye chungu ni maji yenye rangi. Ile harufu ndiyo mafuta yenyewe, na yamekwisha kwenda. Funua, jifunike taulo jepesi, siyo blanketi, kaa na uso shibiri mbili kutoka kwenye maji, fumba macho, vuta pumzi za kawaida dakika tano hadi kumi. Ukiona unalazimika kuvumilia, maji bado ni ya moto mno. Ngoja.

Kuhusu majani, mkaratusi si mti mmoja. Kuna aina nyingi, na mingine iliyopandwa kwa ajili ya nguzo na mbao ina harufu hafifu. Chuma jani, lishike kulielekeza kwenye mwanga wa jua: lenye mafuta huonyesha vidoa vidogo vingi vinavyopitisha mwanga, na ukilifikicha linapanda puani papo hapo. Ule wenye harufu ya limao ni aina nyingine, mzuri kwa kunusa ingawa haufungui pua kama mwenzake. Mchaichai hunukia vizuri na hupandwa uani bila gharama. Unga wa majani uliofungwa kwenye mifuko isiyo na jina la mmea, mimi siununui kwa bei yoyote. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na baraza linalosajili dawa za aina hii, kwa hiyo muulize muuzaji namba ya usajili na umwangalie usoni anapojibu.

Ukitaka kuepuka majani, kuna mafuta ya mkaratusi ya dukani na dawa za kupaka kama Vicks. Chupa ndogo hudumu muda mrefu, kwani matone mawili yanatosha beseni zima. Ila mafuta hayo yakinywewa ni sumu, hata mililita chache humtia mtoto degedege, na Vicks haipakwi mtoto wa chini ya miaka miwili. Pahali pake ni juu kabisa ya kabati, kofia imekazwa.

Nirudi kwa kijana wa simu na kifaa chake cha majani makavu. Kinavyofanya kazi kinavutia. Moto wa kawaida huunguza jani, ukatoa moshi wenye lami na kaboni monoksaidi, uwe wa tumbaku, wa ubani au wa mkaratusi uliotupwa kwenye makaa. Kifaa hiki kina betri na chumba kidogo kinachopata joto la nyuzi 160 hadi 220 tu, chini ya pale jani linaposhika moto, hivyo mafuta yake hutoka kama mvuke na jani hubaki kahawia bila kuwa majivu. Wazee wa Kifipa waliosimamisha malungu, zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, wangeuelewa ufundi huo mara moja: kazi yote ni kuujua moto wako. Lakini huko nje vyenye ubora huuzwa kuanzia dola 100, yaani laki mbili na nusu hivi kabla ya kusafirisha, na vya bei rahisi havina kipimo cha joto cha kuaminika, kwa hiyo huunguza yale yale vinavyodai kutoyaunguza. Tena vimetengenezwa kwa ajili ya tumbaku na bangi. Hapa kwetu bangi ni kosa, iwe kuilima, kuwa nayo au kuitumia, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na askari hatakuuliza kama ndani ulikuwa umeweka mchaichai kabla hajakipeleka kifaa chako kikapimwe. Na mwenye mafua anahitaji unyevu, ambao kifaa hiki hakitoi hata tone. Mvuke wake ni mkavu na wa moto, ukipita kwenye koo lililokwisha kukauka. Kwa kifua cha mafua, laki mbili na nusu zimekwenda bure.

Kuna mashine moja tu ya mvuke ambayo ikitajwa nanyamaza: nebulaiza ya hospitali. Ile hairushi mvuke wa moto. Hugeuza dawa ya maji kuwa ukungu baridi wa kushuka hadi ndani ya mapafu, kwa wagonjwa wa pumu na wengine walioandikiwa. Nimeshasikia watu wakishauriana kuitilia maji ya mkaratusi. Mafuta yakishuka hadi mapafuni husababisha aina mbaya ya nimonia. Ndani ya nebulaiza iende dawa iliyoandikwa na daktari, basi.

Na mwenye pumu asitumie pesa yake kwenye chochote nilichokitaja hapo juu. Harufu kali na mvuke wa moto vinaweza kumbana zaidi. Pesa hiyo inunue inhela ya salbutamol, na kwa mtoto asiyeweza kuvuta kwa mpangilio, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa kama hiyo, ikitobolewa kitakoni tundu la kutosha mdomo wa inhela na pembeni pakazibwa, inamfikishia mtoto mwenye pumu dawa sawa na kifaa cha kununuliwa. Mhudumu wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au wa zahanati anaweza kukuonyesha namna ya kulikata tundu, maana likilegea dawa huvuja. Gharama yake ni maji ya kunywa ambayo ungekunywa hata hivyo.

Kikohozi kilichopita wiki mbili kisifukizwe. Kipimo cha makohozi cha kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na dawa zake vilevile.

Kwa hiyo, mwenye nyumba ya Chanji au Izia yenye LUKU, kama shilingi 25,000 zinakuwasha mfukoni, nunua jagi la umeme linalojizima maji yakitokota. Litakupikia chai ya asubuhi mwaka mzima, na usiku wa mafua litajaza chupa. Aliye Kalambo au Laela kwenye nyumba ambayo nguzo haijaifikia, maji yabandikwe baada ya ugali. Chupa mpya, ukilazimika kununua, ipime kabla hujatoka dukani: fungua kifuniko, tazama ndani kioo kisiwe na ufa, itikise taratibu usikie kama kuna kinachogonga, na uliza kama mdomo wake unatosha kuingiza brashi ya kuoshea. Yenye harufu ya majani usiitie chai. Ndiyo maana majani huwekwa kwenye beseni.